Siri ya Euro Arobaini

Saa kumi na moja alfajiri, uwanda wa Curragh.
Nachokonoa kwato za Binti wa Jumanne kwa ncha ya chuma
na yeye ananipumulia shingoni
pumzi ya shayiri iliyochacha.
Mwaka wa tatu huu namlisha, namwogesha, namfunga bandeji.
Ukiniuliza kama atashinda Jumamosi, jibu langu ni: sijui.
Kuna siku anaamka na kuukataa mlango.
Kuna siku kivuli cha ndoo kinamtisha.

Cormac Tansey anajua.
Hajawahi kumshika, wala hana habari
kwamba sikio lake la kushoto halitaki kuguswa,
lakini anajua, tena kwa hakika,
na hakika yake ina bei: euro arobaini kwa mwezi,
inakatwa kwenye akaunti tarehe mosi, kabla ya kodi ya nyumba.

Jumatano alinikuta baa.
Akaninunulia bia, kisha ya pili.
"Binti yenu vipi?"
Nilikuwa nimechoka, buti zimelowa,
nikatoa neno la kumfukuzia mtu:
"Anakula vizuri."
Akatabasamu kama mtu aliyeachiwa funguo za benki.

Farasi wote wanakula vizuri, bwana.
Hata wale wa mwisho. Wa mwisho hasa.

Ijumaa usiku simu ya baba, kutoka Roscommon,
sauti ameishusha kama anayeiba:
"Fiachra, usimwambie mtu.
Nimepata habari ya ndani kabisa ya zizi.
Binti wa Jumanne. Mtu wangu ana mtu wake pale."

Nikaitazama mikono yangu.
*Baba, huyo mtu wake ni mimi.* Ikanifika ulimini, ikakaa.
Mara ngapi nimempa ya bure, akaikoholea?
Ya bure ni ya mtoto tu, aliyefeli hesabu shuleni.
Ya kulipia ina muhuri, ina "mteja wetu mpendwa",
ina orodha ya ushindi wa mwaka jana kwa wino wa kijani
(walioanguka hawakupigwa picha).

Mganga hajigangi, sawa, tulishakubali.
Lakini mbashiri, nani kamkataza kujibashiria?
Kama anaujua mlango wa hazina
mbona anauza ramani
kwa bei ya magunia mawili ya makaa?

Jumamosi, Gowran. Asubuhi odi zilikuwa nane kwa moja.
Tansey akatuma ujumbe saa nne na dakika tano.
Watu mia saba wakausoma kwa pamoja.
Baba alikuwa anatafuta miwani.
Mpaka anafika duka la kamari, kwa miguu, kwa fimbo,
nane imekuwa tano, tano imekuwa mbili na nusu,
kama kipande cha sabuni kwenye bweni la wavulana.
Akaweka kumi. Akaukunja mkeka, akautia mfuko wa shati.

Na akashinda, yule mwehu!
Alichomoka nyuma kwenye kona ya mwisho, masikio yamelala,
akawapita kana kwamba kuna mtu ameshika ndoo kwenye mstari.
Nilipiga kelele mpaka koo likakauka.
Sikujua, naapa. Wala Tansey hakujua.
Binti mwenyewe, nadhani, aliamua pale pale.

"Si nilikwambia!" Baba kwenye simu, kicheko kimemtoa machozi,
nyuma yake birika linapiga mluzi na hakuna wa kuliepua.
Kumi mara mbili na nusu: ishirini na tano.
Toa arobaini.
Na huo ndio mwezi mzuri.
Hesabu nilifeli, lakini hii naiweza.

Sikumwambia.
Nikamuuliza kama ameshakula.
"Nakula vizuri," akasema.